Desa ni la Nani? Hakimiliki Vyuoni, Kuanzia Steshenari ya Mtwara hadi Mifupa ya Tendaguru

Karibu na kila chuo kuna steshenari inayoijua mitaala kuliko wanafunzi wenyewe, na Mtwara mjini mambo ni hayohayo. Mwanafunzi anafika kaunta, flashi mkononi au WhatsApp imeshafunguliwa, na kabla hajamaliza salamu kijana wa kompyuta ameshamuuliza: "Mwaka wa ngapi, dada? Unataka ya Dokta wa takwimu au ya yule wa uchumi?" Kwenye mashine yake mafaili yamepangwa kwa kozi na kwa jina la mwalimu. Yamejikusanya mwaka hadi mwaka kutoka kwenye flashi za waliotangulia. Anaprinti, anabaindi kwa spairo, anapokea hela yake. Hilo ndilo desa, na bila madesa wengi tuliopita vyuoni tungesota.

Waulize watu waliosimama pale kama kuna sheria inayovunjwa. Mmoja atakwambia elimu haina mwenyewe. Mwingine, hasa akiwa mhadhiri mwenye kitabu kisichonunuliwa, atasema ule ni wizi wa mchana kweupe. Wote wamekosea, tena kwa sababu moja: wanalizungumzia desa kana kwamba ni kitu kimoja. Hebu tulifungue.

Tuseme ni desa la kilimo biashara, kurasa themanini. Mwanzo kuna slaidi za mhadhiri. Slaidi mojawapo ina mchoro ulioskaniwa kutoka kitabu cha Uingereza. Katikati imechomekwa sura nzima ya kitabu hicho. Linafuata jedwali la bei za korosho mnadani, kisha mtihani wa mwaka juzi, kisha picha ya mkorosho iliyochukuliwa Google, na mwisho muhtasari wa Kiswahili ulioandikwa na mwanafunzi mmoja mwenye moyo wa kusaidia wenzake.

Slaidi ni za mhadhiri au za chuo, inategemea mkataba wa ajira na sera ya chuo vinasemaje. Mchoro na ile sura kwa kawaida ni mali ya mchapishaji, kwa kuwa mwandishi alishasaini kumwachia. Bei za korosho, kama tarakimu tupu, hazina mwenyewe, ukweli haumilikiwi. Mtihani unarudi tena kwenye mkataba na sera. Picha ni ya aliyeipiga, kwa maana Google ni njia tu ya kuipatia. Muhtasari ni wa yule mwanafunzi kama ameyaandika mambo kwa maneno yake. Kama amekaa akatafsiri sura ile aya kwa aya, basi tafsiri nayo ilihitaji ruhusa ya mwenye sura.

Kwa hiyo desa moja lina wenyewe wanne au watano, na wengine hawajawahi kufika Mtwara. Anayetaka kujua kama kuna kosa lazima aulize kipande kimoja kimoja: nani alikitengeneza, na baada ya hapo nani alisaini nini. Swali hilo la pili, la saini, ndilo vyuo vyetu havipendi kuliuliza, na naamini ndiko vinakopoteza zaidi kuliko kwenye fotokopi zote za mjini.

Sheria inashika nini, inaacha nini

Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao. Sheria hizi zinalinda namna jambo lilivyosemwa, kuandikwa, kuchorwa au kurekodiwa. Wazo lenyewe haziligusi. Mhadhiri akieleza jinsi ugonjwa wa ubwiriunga unavyoshambulia maua ya mkorosho, maelezo yake ni yake, lakini ubwiriunga si wake, na mtu yeyote anaweza kesho kueleza jambo lilelile kwa maneno mengine bila kumwomba ruhusa.

Ulinzi huo unaanza pale kazi inapotengenezwa. Huhitaji muhuri, huhitaji kuandika herufi c ndani ya duara. Hivyo ndivyo Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unavyotaka, na Tanzania ni mwanachama wake tangu 1994. Kusajili COSOTA kunasaidia kuwa na ushahidi mkigombana, ila usajili hauzai haki. Mkataba huohuo unataka ulinzi usipungue miaka 50 baada ya mwandishi kufa, na ndiyo maana "kitabu chenyewe cha zamani" si utetezi mpaka ujue mwandishi alifariki lini.

Haki zenyewe ziko mafungu mawili. Kuna za kiuchumi: kutoa nakala, kuuza, kutafsiri, kuweka mtandaoni. Hizi zinauzika na zinarithika. Kuna za kimaadili, hasa ile ya mtu kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, na hizi haziondoki kirahisi hata kama nyingine zote zimeuzwa. Mwenye nakala mkononi hana hata moja kati ya hizo. Ukinunua kilo ya korosho pale stendi, korosho ni zako, kula, gawa, uza. Mkorosho umebaki Newala kwa mwenyewe.

Kuna mkanganyiko mmoja unaosumbua vyuo vingi, wa kuchanganya wizi wa kitaaluma na uvunjaji wa hakimiliki. Haya ni makosa mawili tofauti, yenye mahakama tofauti. Mwanafunzi akichukua ripoti ya Wajerumani ya mwaka 1900 ambayo ulinzi wake umeshaisha na kuiandika kama yake, hajavunja hakimiliki ya mtu, lakini kamati ya nidhamu itamla nyama. Mwingine akinakili kitabu kizima kipya, akataja jina la mwandishi vizuri kabisa kila ukurasa, ameepuka wizi wa kitaaluma na bado amevunja hakimiliki. Turnitin, ile programu ya kusaka maandishi yanayofanana, inatafuta kosa la kwanza peke yake. Nimeshasikia wakuu wa idara wakijivunia kwamba chuo chao "kinalinda hakimiliki" kwa sababu kimenunua Turnitin. Hapana, wazee wangu. Ile inafananisha sentensi tu.

Kesi ya duka la fotokopi

Sheria yetu imeacha milango kadhaa wazi: nakala ya matumizi binafsi, kunukuu kwa kutaja chanzo, kutumia kazi kama kielelezo cha kufundishia kwa kiasi kinachohitajika, na nafasi fulani kwa maktaba na taasisi za elimu. Mwanafunzi anayejitolea kopi ya sura moja asome yuko mahali pazuri kuliko anavyodhani. Steshenari inayoweka kitabu kizima kwenye kompyuta na kukiuza kila muhula iko mahali pabaya kuliko inavyodhani. Katikati hapo kuna utata, na utata huo uliwahi kufika mahakamani, mbali na hapa.

Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis, walilishtaki duka dogo la fotokopi liitwalo Rameshwari, lililokuwa ndani ya viunga vya Chuo Kikuu cha Delhi nchini India, pamoja na chuo chenyewe. Duka lilikuwa linatengeneza vitini: walimu wanachagua kurasa kutoka vitabu mbalimbali, duka linakopi na kubaindi, wanafunzi wananunua. Yaani madesa yaleyale, ila yamepangwa na walimu. Amartya Sen, mchumi mwenye tuzo ya Nobel na mwandishi wa Oxford mwenyewe, aliwaandikia wachapishaji hao kuwasihi wasiendelee na kesi.

Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ilisema sheria ya India inaruhusu kunakili kwa ajili ya kufundishia, na haijalishi kama mwanafunzi anatoa kopi mwenyewe maktaba au duka linamtolea. Jaji aliandika kwamba hakimiliki haikushuka kutoka mbinguni. Ni haki iliyotungwa na sheria ili jamii ipate maarifa zaidi. Rufaa ya Desemba mwaka huo ilikubali msingi huo lakini ikataka iangaliwe kama kilichonakiliwa kilihitajika kweli kwa kozi. Machi 2017 wachapishaji wakaondoa kesi.

Msikimbilie kuibandika hukumu hiyo ukutani. Ni ya India, kwa maneno ya sheria ya India. Marekani, kesi kama hiyo dhidi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia ilianza 2008 ikaisha 2020, majaji wakipima kitabu kimoja kimoja: kurasa ngapi, sehemu ipi, soko la mwenye kazi limeumia kiasi gani. Ninachokiona mimi kwenye kesi hizi mbili ni kwamba kilichopimwa ni uhusiano wa nakala na somo. Mwalimu aliyeweza kueleza kwa nini kurasa hizi na si nyingine alikuwa na la kusema mbele ya jaji. Mwenye steshenari anayeuza "kitabu chote, elfu kumi" hana.

Kitabu kisichonunulika

Enzi za karatasi, maktaba ilinunua kitabu kikawa chake hadi mchwa. Kitabu cha kidijitali hakinunuliwi kwa namna hiyo. Maktaba inalipia leseni: watu wangapi wasome kwa wakati mmoja, kwa muda gani, kutoka mtandao upi. Malipo yakikoma, rafu inabaki tupu, pamoja na matoleo ya miaka uliyokwisha kulipia kama mkataba haukusema vinginevyo. Mkutubi wa leo amekuwa msoma mikataba, kazi ambayo wengi hawakuisomea.

Tatizo la pili ni la jiografia. Mtwara na Lindi tuna vyuo vikuu na vyuo vya kati: Stella Maris, chuo kishiriki cha Mtakatifu Augustino kilichoanza 2009, kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, vituo vya Chuo Kikuu Huria katika mikoa yote miwili, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambacho kimekuwa kikijenga kampasi Lindi. Wanafunzi wa Huria hasa wametawanyika: mwalimu wa sekondari Liwale, mtumishi wa halmashauri Nanyumbu. Majarida mengi ya kitaaluma yanafunguka kwa kutambua mtandao wa chuo. Aliye nje ya geti anakutana na ukurasa unaomdai dola 30 au 40 kwa makala moja.

Hapo kuna jambo wanafunzi wengi hawaambiwi. Tangu 2002 umekuwepo mpango ambao sasa unaitwa Research4Life, ushirikiano wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji wakubwa, unaofungua maelfu ya majarida na vitabu vya afya, kilimo, mazingira, teknolojia na sheria kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo. Tanzania imo kwenye kundi linalopata bure. Anayejisajili ni taasisi, kisha nywila inakaa kwa mkutubi. Mara ngapi nywila hiyo imekaa kwenye droo kwa sababu aliyeisajili kahama kituo? Mwanafunzi anahangaika na simu yake usiku wa manane, anaishia Sci-Hub, tovuti inayotoa makala za kitaaluma bure bila idhini ya wachapishaji.

Sci-Hub ilianzishwa 2011 na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan. Mahakama ya New York iliamuru 2017 mchapishaji Elsevier alipwe dola milioni 15, na bado inafunguka kwa majina mapya kila ikifungwa. Siwezi kukwambia uitumie, na sitajifanya sijui kwamba inatumika katika kila chuo duniani, vikiwemo vilivyolipia kila kitu. Watu wanaikimbilia kwa kuwa ni bure, ndiyo, lakini pia kwa kuwa inafunguka mara moja, wakati njia halali inahitaji nywila tatu na mtu aliye likizo.

Saini ya mhadhiri

Sasa tufike kwenye saini.

Mhadhiri anafanya utafiti kwa mshahara wa chuo, pengine na ruzuku ya umma. Anaandika makala, anaituma kwenye jarida la nje, na wanaoikagua ni wahadhiri wenzake wasiolipwa. Makala ikikubaliwa anatumiwa fomu. Amefurahi, anataka kupanda daraja, anasaini bila kusoma. Mara nyingi fomu hiyo inasema hakimiliki yote inahamia kwa mchapishaji. Kuanzia hapo, kwa sheria, akiichapisha makala hiyo kwenye kitini chake mwenyewe anahitaji kuangalia kama ameruhusiwa, na chuo chake kinailipia ili wanafunzi waisome.

Mwaka 2024 wengi waliamka. Kampuni ya Informa, inayomiliki Taylor & Francis, ilitangaza makubaliano na Microsoft ya kuiruhusu kutumia maudhui yake kwa ajili ya akili bandia, malipo ya kuanzia yakiwa dola milioni 10. Wanataaluma wengi waliisoma kwenye habari kama watu wengine. Walilalamika, lakini mchapishaji alikuwa anauza alichopewa kwa saini zao.

Fomu hizo si msahafu. Majarida mengi yanaruhusu mwandishi kubaki na hakimiliki na kutoa leseni tu. Mengi yanaruhusu rasimu iliyokubaliwa, kabla haijapangwa kwa mtindo wa jarida, iwekwe kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo, baada ya miezi kadhaa. Yapo ya wazi kabisa, yanayotumia leseni za Creative Commons zilizoanza 2002, ambapo mwandishi anasema mapema: nakili, sambaza, nitaje jina. Majarida mengine ya wazi hudai ada kubwa kwa mwandishi, lakini wachapishaji wengi hupunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi kama yetu, mradi uombe kabla makala haijakubaliwa. Baada ya hapo wanakuwa hawasikii vizuri.

Wanafunzi nao wajue kwamba tasnifu ya mwenzako si desa. Diego Gómez, mwanafunzi wa biolojia nchini Kolombia, aliiweka mtandaoni tasnifu ya mtu mwingine ili wenzake waisome. Hakuuza, hakujidai ni yake. Alishtakiwa kwa jinai, kosa lenye kifungo cha hadi miaka minane, akakaa na kesi miaka kadhaa hadi alipoachiwa huru Mei 2017. Tasnifu ikiwa kwenye hifadhi ya chuo, tuma kiungo. Faili lenyewe liache lilipo.

Na mihadhara iliyorekodiwa? Hapa pana kisa ambacho kila mwenye kufundisha kwa video angepaswa kukijua. Januari 2021 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, alikuwa anafuatilia kozi ya historia ya sanaa mtandaoni. Alimpenda mwalimu, akataka kumwandikia barua pepe. Alipotafuta anwani akakuta mwalimu huyo, François-Marc Gagnon, alifariki 2019. Chuo kilikuwa kinaendelea kuwafundisha watu kwa video zake. Watu walishtuka, lakini swali la kisheria lilikuwa kavu tu: mkataba ulisema video ni za nani, zitumike hadi lini, na kwa malipo gani? Ukiwa unafundisha Mtwara na unaombwa kurekodi vipindi vya mwaka mzima, uliza hayo matatu kabla kamera haijawashwa. Chuo chenye akili kitakuwa kimeshayaandika kwenye sera. Kisicho na sera kitakujibu "tutaona", na hapo mjue mmeahirisha ugomvi.

Akili bandia imeongeza fundo jingine, ambalo nalipitia haraka kwa kuwa bado linasukwa mahakamani. Nchini Marekani mahakama ilisema 2023, na ya rufaa ikakubali 2025, kwamba kazi isiyo na mwandishi binadamu haipati hakimiliki. Kwa hiyo insha iliyotemwa na mashine yote nzima huenda isiwe mali ya mtu yeyote, akiwemo aliyeikabidhi kwa mhadhiri.

Mikorosho ya Naliendele na mashine ya Ngongo

Hakimiliki ni chumba kimoja tu cha nyumba ya milikibunifu. Kuna hataza kwa uvumbuzi, alama za biashara, na haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Huku Kusini, hii ya mwisho inatuhusu kuliko mikoa mingi.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, ndicho kinachoongoza utafiti wa korosho nchini. Kupata aina bora ya mkorosho, inayozaa sana na kuvumilia magonjwa, ni kazi ya miaka mingi: kuvusha chavua, kupanda, kungoja mti uzae, kupima, kuanza tena. Kuiiba ni kazi ya dakika: kata vikonyo, bebesha kwenye miche yako. Kwa ajili hiyo Tanzania ilitunga mwaka 2012 sheria ya kuwalinda wagunduzi wa aina mpya za mimea, na 2015 ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa mambo hayo. Mkataba wa UPOV wa 1991 unaipa miti ulinzi wa angalau miaka 25.

Wapo wanaoogopa kwamba ulinzi huo utamzuia mkulima wa Tandahimba kubebesha miche yake. Hofu hiyo ina msingi pale mwenye haki ni kampuni inayotafuta faida. Taasisi ya umma inaweza kuitumia haki hiyohiyo kinyume chake: inasajili ili asije mwingine akasajili, halafu inawaachia wakulima. Lakini lazima iwe imesajili. Ukarimu wa asiye na hati haumfungi mtu.

Hataza nayo ina mtego wa tarehe, na huu ndio unaoumiza vyuo zaidi. Tuseme mwanafunzi ametengeneza mashine ndogo ya kubangulia korosho isiyovunja kiini, yaani kinatoka kizima. Anaipeleka maonyesho ya Nanenane viwanja vya Ngongo, Lindi. Watu wanaipiga video. Chuo kwa kujivunia kinarusha picha mtandaoni, na tasnifu yenye michoro yote inawekwa kwenye hifadhi ya kidijitali kama kanuni zinavyotaka. Miezi baadaye mtu anamshauri aende BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, akaombe hataza. Huko atakutana na sharti la upya: uvumbuzi uwe haujawekwa hadharani popote duniani kabla ya ombi. Huenda amejifungia mlango mwenyewe, chuo kikimsaidia kusukuma. Nchi nyingine hutoa muda wa neema, kama Marekani ambako ni mwaka mmoja, lakini Ulaya karibu hakuna. Busara ni kutoutegemea.

Dawa yake ni ya kiofisi. Fomu ya kukabidhi tasnifu iwe na swali moja: je, humu kuna kitu cha kuombea hataza? Jibu likiwa ndiyo, tasnifu inafungiwa kwa muda, wanaoisoma wanasaini kutunza siri, na ombi linatangulia maonyesho. Inahitaji mtu mmoja chuoni ambaye kazi yake ni kuuliza swali hilo. Na ulinzi wa BRELA unaishia Bara. Anayewaza soko la nchi jirani hupitia ARIPO, shirika la kikanda la milikibunifu la Afrika, lenye makao yake Harare.

Waliokusanyiwa

Mpaka hapa vyuo vimekuwa upande wa wanaonyang'anywa. Upo upande mwingine ambako vyenyewe ndivyo vinavyochukua.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu. Aliwaimbisha Wamakonde, Wayao na Wamakua, akarekodi kwenye mitungi ya nta. Sheria ya wakati ule haikumtambua mwimbaji. Ulinzi wa kimataifa wa wasanii wanaotumbuiza ulikuja na Mkataba wa Roma wa 1961. Weule alifariki 1926, hivyo hata alichoandika mwenyewe kimeshatoka kwenye ulinzi. Kwa hakimiliki, nyimbo zile zimekuwa za kila mtu. Wajukuu wa walioimba, waliopo Newala leo, hawakuwahi kuingia kwenye hesabu hiyo.

Halafu Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko, kaskazini magharibi mwa Lindi, na mifupa ya dinosaria ipatayo tani 200 na zaidi ikabebwa vichwani siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Aliifahamu mifupa ile kwa mikono yake, lakini machapisho yalikuwa na majina ya wengine. Jina lake liliingia kwenye jina la kisayansi la mnyama mwaka 2007, *Australodocus bohetii*.

Mfupa hauna hakimiliki, kwa kuwa haukuandikwa na mtu. Picha ya mfupa inayo. Skani ya kompyuta inayoonyesha mfupa pande zote inabishaniwa: kama mashine imenakili umbo tu bila ubunifu wa mtu, ni vigumu kusema kuna mwandishi. Lakini anayemiliki kompyuta yenye skani anaweza kuweka masharti ya matumizi kwa mkataba, na kwa mtafiti wa Lindi anayeomba faili matokeo ni yaleyale. Wanaodai mifupa irudi, na hoja zao ninazielewa, wasisahau kudai skani katika barua hiyohiyo. Hiyo haihitaji meli.

Leo wanaotembea na kinasa sauti ni wanafunzi wetu. Anakwenda Kitangari au Mahuta kurekodi nyimbo za unyago, hadithi za bibi, dawa za mitishamba. Sheria yetu ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na inawatambua watumbuizaji. Mei 2024 nchi wanachama wa shirika la milikibunifu duniani, WIPO, zilipitisha mkataba mpya unaomtaka mwombaji wa hataza aseme alikopata mmea na maarifa ya asili aliyoyatumia. Ni hatua, ingawa unagusa hataza tu, nyimbo hazimo.

Kinachobaki ni fomu ya ridhaa, ile karatasi anayoibeba mwanafunzi. Nyingi zinauliza jambo moja: unakubali kuhojiwa? Hilo linatosha kwa maadili ya utafiti wa zamani, halitoshi kwa faili linaloweza kuwa YouTube kesho. Iulize pia kama jina litajwe au lifichwe, kama sauti iwekwe mtandaoni au ibaki maktaba, kama kuna sehemu za unyago zisizopaswa kusikiwa na wanaume au watoto, na anayetaka kuuza baadaye amwone nani. Iandikwe Kiswahili, isomwe kwa Kimakonde pale inapobidi, na yeye aliyeimba aachiwe nakala ya karatasi. Aachiwe na nakala ya sauti, kwenye simu au kadi ya kumbukumbu ya mtu anayejulikana kijijini, kwa sababu hifadhi ya kidijitali inayofunguliwa kwa nywila ya mwanafunzi haifunguki kwa bibi wa Mahuta.